Norwe, Uswisi au Lithuania: ni mfano upi wa kujifunza kutoka kwa taifa dogo linalochunguza makosa yake ya vita?

Mtu anayetaka kuelewa jinsi taifa dogo linavyoweza kuikabili historia yake ya Vita vya Pili vya Dunia, na hasa mchango wake katika mateso ya Wayahudi, hukutana mapema na wingi wa mifano. Nchi nyingi za Ulaya zimeunda tume, zimeomba radhi na zimejenga minara ya kumbukumbu. Ujerumani hutajwa kwanza, lakini mfano wake hauifai sana nchi ndogo, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa mtendaji mkuu, ikashindwa vitani, ikahukumiwa na wengine, na haikubakiwa na mahali pa kujificha. Taifa dogo huwa na utetezi tayari mkononi: lilivamiwa, au lilizingirwa pande zote, au lilitawaliwa na wababe wawili kwa zamu. Utetezi huo mara nyingi una ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni vigumu kuupinga.

Makala hii inaziweka nchi tatu kando kwa kando, kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi wa sheria au mwanachama wa asasi ya haki anayelazimika kuchagua mfano mmoja wa kuanzia. Kinacholinganishwa ni namna ya kuhesabiana na historia, wala si uzito wa makosa yenyewe, kwa sababu makosa hayo hayalingani hata kidogo.

Kila nchi ilikuwa na nini cha kujibu

Norwe ilivamiwa na Ujerumani tarehe 9 Aprili 1940. Wayahudi wake walikuwa takriban 2,100 tu, katika nchi ya watu wapatao milioni tatu. Mwaka 1942 serikali ya kibaraka ya Vidkun Quisling ilikirudisha kifungu cha katiba kilichowazuia Wayahudi kuingia nchini, kifungu ambacho Wanorwe wenyewe walikuwa wamekiandika mwaka 1814 na kukifuta mwaka 1851. Tarehe 26 Oktoba 1942 wanaume wa Kiyahudi walikamatwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Novemba, ikawa zamu ya wanawake, watoto na wazee, na siku hiyohiyo meli ya Donau iliondoka bandari ya Oslo ikiwa na Wayahudi zaidi ya 500. Kwa jumla walisafirishwa watu zaidi ya 770, wengi wao hadi Auschwitz, na waliorudi wakiwa hai hawakufika 40. Wengine, zaidi ya nusu ya jamii nzima, waliokolewa kwa kuvushwa mpaka hadi Uswidi. Jambo ambalo Norwe ilichelewa sana kulitamka ni kwamba waliogonga milango usiku ule walikuwa hasa polisi wa Norwe, na kwamba teksi za Oslo zilikodiwa kuwabeba watu hao hadi bandarini.

Uswisi haikuvamiwa. Mwaka 1938 maofisa wake walijadiliana na Ujerumani, na matokeo yakawa kwamba pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani zipigwe muhuri wa herufi J, ili mlinzi wa mpakani awatambue bila shida. Agosti 1942, wakati taarifa za mauaji zilikuwa zimekwisha kufika Bern, mpaka ulifungwa kwa waliokuwa wakikimbia kwa sababu tu ya asili yao. Ni kweli kwamba Uswisi iliwapokea Wayahudi wapatao 21,000 wakati wa vita, na haki inataka hilo lisemwe. Lakini tume ya baadaye ilikadiria kuwa wakimbizi zaidi ya 20,000, Wayahudi na wasio Wayahudi, walirudishwa walikotoka. Juu ya hayo, Benki ya Taifa ya Uswisi ilinunua kutoka benki kuu ya Ujerumani dhahabu ya takriban faranga bilioni 1.2, nyingi ikiwa imeporwa katika nchi zilizotekwa, na benki za biashara zilibaki na akaunti za watu ambao hawakurudi tena kuzidai.

Lithuania ndiyo yenye kaburi kubwa kuliko zote. Zaidi ya Wayahudi 200,000 waliishi huko, na zaidi ya asilimia 90 waliuawa, wengi wao katika miezi ya mwisho ya mwaka 1941, kwa kupigwa risasi kando ya mashimo kama yale ya Paneriai karibu na Vilnius, au katika Ngome ya Tisa mjini Kaunas. Walithuania walishiriki katika kukamata, kulinda na kufyatua risasi. Lakini nchi hiyo ilikuwa imemezwa na Urusi ya Kisovieti mwaka 1940, ikamezwa tena mwaka 1944, na maelfu ya raia wake walipelekwa Siberia. Kwa hiyo ilipopata uhuru upya mwaka 1990, ilikuwa na vilio viwili vya kusikiliza kwa wakati mmoja, na tangu hapo imeshindwa kuvitenganisha.

Swali ambalo tume hupewa

Hapa ndipo ninapomshauri msomaji atulie zaidi, kwa kuwa mengi yanayofuata huamuliwa na swali la mwanzo.

Norwe ilikaa nusu karne ikiamini kwamba suala la mali za Wayahudi lilimalizwa mara tu baada ya vita. Palikuwa na ofisi ya kurudisha mali, waliorejea walijaza fomu, na faili zikafungwa. Mwaka 1995 gazeti la biashara la Dagens Næringsliv lilichapisha uchunguzi wa mwandishi Bjørn Westlie ulioonyesha kwamba mali hizo zilifilisiwa kwa utaratibu wa kisheria na bodi ya serikali ya Quisling, na kwamba sehemu kubwa haikurudi kwa wenyewe. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati chini ya Oluf Skarpnes. Kazi yake ilionekana ya kihasibu: nini kilichukuliwa, nini kilirudishwa, na tofauti yake ni kiasi gani.

Kamati ikagawanyika. Wengi walishika hesabu, wakafikia pengo la takriban kroner milioni 108. Wachache walikuwa wawili, mwanasaikolojia Berit Reisel na mwanahistoria Bjarte Bruland, walioingia kwa mapendekezo ya jamii ya Kiyahudi, na wao walikataa swali lenyewe. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kuchunguza uporaji wa mali kana kwamba ni kesi ya kawaida ya ufilisi, kwa sababu mali zilichukuliwa kama hatua ya kuwafuta watu wenyewe. Kuwaangamiza kiuchumi na kuwaangamiza kimwili vilikuwa tendo moja. Kwa mtazamo huo waliyaona mambo ambayo wenzao waliyapita. Waliona kwamba gharama za ile bodi ya ufilisi zilikatwa kwenye mali za marehemu, yaani waliouawa walilipia kazi ya kuporwa kwao. Waliona kwamba baada ya ukombozi, pale familia nzima ilipouawa siku moja katika chumba cha gesi, mamlaka za mirathi ziliamua nani alitangulia kufa na nani alifuata, na kodi ya urithi ikahesabiwa kwa kila kifo katika mfululizo huo. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Maofisa wa nchi huru, wengi wao bila shaka wakiwapinga Wanazi, walifuata kanuni kama zilivyoandikwa. Hesabu ya wachache ilifikia takriban kroner milioni 330.

Jambo lililoipa Norwe sifa ni kwamba serikali iliweka pembeni maoni ya wengi ikafuata ya wachache. Tarehe 11 Machi 1999 Bunge lilipitisha kroner milioni 450: milioni 200 kwa watu binafsi na milioni 250 kwa jamii, zikiwemo fedha za kuanzisha kituo cha utafiti wa Maangamizi ya Wayahudi na wa dini ndogo. Kituo hicho kiliwekwa katika Villa Grande, jumba alilokuwa akiishi Quisling. Sijui serikali nyingi ambazo zingekubali kuchagua ripoti inayowagharimu zaidi na kuwaaibisha zaidi wakati ripoti nafuu, iliyotiwa saini na walio wengi, ipo mezani.

Lithuania ilianza upande mwingine kabisa. Mwaka 1998 Rais Valdas Adamkus aliunda tume ya kimataifa ya kutathmini uhalifu wa tawala zote mbili, wa Kinazi na wa Kisovieti, na ndani yake zikaundwa kamati ndogo mbili. Kwa taifa lililopitia yote mawili, wazo hilo lina mantiki. Kasoro yake ilionekana pale mmoja wa wajumbe, mwanahistoria wa Israeli Yitzhak Arad, ambaye alinusurika akiwa kijana na kupigana msituni pamoja na wapiganaji wa Kisovieti, alipofunguliwa uchunguzi na waendesha mashtaka wa Lithuania mwaka 2006 kwa matendo ya wakati huo. Uchunguzi ulifungwa mwaka 2008 bila mashtaka, lakini kwa miaka kadhaa kazi ya tume kuhusu uhalifu wa Kinazi ilikwama. Swali lililofunga makosa mawili katika furushi moja lilifungua njia ya mnusurika kuulizwa maswali ambayo baadhi ya waliomwinda hawakuwahi kuulizwa kwa ukali huo. Aleksandras Lileikis, aliyeongoza polisi wa usalama mjini Vilnius wakati wa Wajerumani, alifunguliwa kesi, akafa mwaka 2000 bila hukumu kutolewa.

Makabati ya nani yalifunguliwa

Katika kipengele hiki Uswisi haina mshindani. Tarehe 13 Desemba 1996 Bunge lake lilipitisha amri iliyounda tume huru ya wataalamu, ikiongozwa na Jean-François Bergier na ikiwa na wajumbe kutoka nje ya nchi kama Saul Friedländer na Władysław Bartoszewski. Amri hiyo ilizilazimisha benki, kampuni za bima, viwanda na mawakili kuonyesha nyaraka zao, na siri ya benki, ambayo Waswisi wengi waliiona kama nguzo ya nchi, haikuweza kutumiwa kama kizuizi. Kampuni zilikatazwa kuharibu karatasi zozote zinazohusika. Katazo hilo halikuwa la nadharia tu: mapema mwaka 1997 mlinzi wa usiku wa benki moja kubwa mjini Zurich alikuta vitabu vya zamani vikisubiri kusagwa, akavitoa nje.

Tume ilipewa faranga milioni 22 na miaka mitano. Ripoti yake ya mwisho ilitoka Machi 2002, pamoja na vitabu 25 vya tafiti kuhusu dhahabu, wakimbizi, viwanda vya Kiswisi vilivyotumia wafanyakazi wa kulazimishwa nchini Ujerumani, umeme, reli na sanaa zilizoporwa. Kuhusu wakimbizi ilisema bila kuzunguka kwamba sera ya Uswisi iliwasaidia Wanazi kufikia lengo lao. Lakini pia iliondoa tuhuma zilizokuwa zimeenea: haikuona ushahidi kwamba treni za Wayahudi waliokuwa wakipelekwa kambini zilipita Uswisi, wala kwamba biashara ya Uswisi ndiyo iliyorefusha vita. Tume inayoweza kuhukumu na kuondoa hatia kwa karatasi zilezile inastahili kuaminiwa kuliko tume inayofanya moja tu.

Udhaifu wake ni kwamba mlango ulifungwa tena. Kampuni ziliruhusiwa kuchukua nakala zilizotolewa kwenye nyaraka zao, hivyo mtafiti wa leo hawezi kurudia njia yote ambayo tume ilipita. Anayetaka kuiga sheria ya Uswisi aiige, ila aongeze kifungu kimoja: nakala zibaki katika hifadhi ya taifa.

Nani alilipa

Jibu la Norwe limekwisha kutolewa: lililipa taifa, kwa uamuzi wa Bunge, kwa jina lake.

Nchini Uswisi zililipa benki, na zililipa baada ya kushtakiwa Marekani. Agosti 1998, mbele ya Jaji Edward Korman huko Brooklyn, benki kubwa mbili zilikubali kutoa dola bilioni 1.25. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, warithi waliofika kwenye madirisha ya benki waliombwa vyeti vya kifo vya watu waliochomwa kambini, ambako hakuna aliyetoa vyeti. Serikali yenyewe ilijiweka kando. Mwaka 1997 ilipendekeza mfuko wa mshikamano wa faranga bilioni 7, na mwaka 2002 wapiga kura wakaukataa. Na pale mtu aliyekabidhiwa kwa Wajerumani mpakani mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 16 alipoidai serikali fidia, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua Januari 2000 kwamba hana haki ya kisheria, kisha ikampa faranga 100,000 kama gharama za kesi, kiasi kilekile alichokuwa ameomba. Huo ni uamuzi wa majaji walioona aibu lakini hawakuona kifungu.

Lithuania ilipitisha mwaka 2011 sheria ya kutoa litas milioni 128 kwa muda wa miaka kumi kwa ajili ya mali za jumuiya za Kiyahudi. Fedha hizo zilikwenda kwenye mfuko wa elimu, dini na utamaduni, si kwa wamiliki mmojammoja. Suala la wamiliki hao lilishughulikiwa kwa sheria nyingine ya mwaka 2022.

Radhi, na majina yanayobaki ukutani

Viongozi wa nchi zote tatu waliomba radhi. Rais Algirdas Brazauskas wa Lithuania aliomba radhi mbele ya Bunge la Israeli Machi 1995, na Rais Kaspar Villiger wa Uswisi aliomba radhi miezi miwili baadaye kwa muhuri wa J. Norwe ilikuwa ya mwisho: Waziri Mkuu Jens Stoltenberg aliomba radhi tarehe 27 Januari 2012, akasimama kwenye gati ileile ya Oslo, na akataja kwamba Wanorwe ndio waliokamata. Mkuu wa polisi alifuata mwaka huohuo. Ukiangalia tarehe tu, Norwe ilichelewa. Ukiangalia maneno, ilisema wazi nani alifanya nini.

Hata hivyo, kipimo ninachokiamini zaidi ni jinsi nchi inavyomtendea mtu mmoja mwenye jina. Paul Grüninger, kamanda wa polisi wa St. Gallen, aliruhusu mamia ya wakimbizi kuingia Uswisi kwa kubadilisha tarehe kwenye fomu. Alifukuzwa kazi mwaka 1939, akahukumiwa, akafa mwaka 1972 bila kusafishwa. Mahakama ilimfutia hatia mwaka 1995, na kuanzia mwaka 2004 sheria ya shirikisho ikafuta hukumu za wengine waliofanya kama yeye. Norwe ina picha ya kinyume: Knut Rød, ofisa wa polisi aliyesimamia ukamataji wa Oslo, aliachiwa huru na mahakama baada ya vita kwa hoja kwamba alikuwa akiisaidia harakati ya upinzani kwa siri, akarudi kazini polisi hadi kustaafu. Hukumu hiyo inabaki kama ilivyo.

Lithuania bado inavutana hadharani. Jonas Noreika alipigwa risasi na Wasovieti mwaka 1947 na anaheshimiwa na wengi kama shujaa wa uhuru. Lakini mwaka 1941, akiwa mkuu wa wilaya ya Šiauliai, alitia saini amri za kuwakusanya Wayahudi katika mitaa iliyofungwa na kugawa mali zao. Mwaka 2019 bamba la kumkumbuka mjini Vilnius lilivunjwa, likarudishwa, likaondolewa na meya, na ndani ya miezi michache wafuasi wake wakabandika jipya.

Chuki yenyewe, baada ya tume

Asiyeuliza kuhusu chuki ya leo dhidi ya Wayahudi hajamaliza ulinganisho. Uswisi ina somo chungu hapa. Wapiga kura wake waliridhia mwaka 1994, kwa asilimia 54.6, kifungu cha sheria ya jinai kinachoadhibu uchochezi wa kibaguzi na ukanushaji wa mauaji ya kimbari. Miaka miwili baadaye, waziri Jean-Pascal Delamuraz alipoyaita madai ya mfuko wa fidia vitisho vya kutaka fedha, barua zenye matusi dhidi ya Wayahudi zilimiminika, nyingine zikiwa na majina na anwani za waandishi. Sheria ilikuwepo, kilichokosekana ni viongozi kusema mapema kwamba madai hayo yalikuwa ya haki. Delamuraz alionyesha majuto baadaye, baada ya barua kwisha kuandikwa.

Norwe ilichagua kupima. Kituo kilichozaliwa na fidia ya mwaka 1999 hufanya uchunguzi wa maoni ya wananchi kila baada ya miaka kadhaa. Kiwango cha wenye mitazamo ya wazi ya chuki kilishuka kutoka takriban asilimia 12 mwaka 2011 hadi karibu 8 mwaka 2017, na mwaka 2022 hakikuendelea kushuka. Serikali ilitoa pia mpango wa utekelezaji dhidi ya chuki hiyo kuanzia mwaka 2016. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba fidia huponya chuki, lakini fedha za kosa la zamani zimeacha chombo kinachoendelea kuuliza maswali.

Uchaguzi

Kwa taifa ambalo kosa lake lilitendwa na vyombo vya dola, yaani polisi, mahakama, ofisi za kodi na mirathi, nachagua Norwe bila kusita. Kwa taifa ambalo ushahidi umelala katika kampuni, mashamba makubwa, benki au taasisi za dini, sheria ya Uswisi ya kufungua nyaraka ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu kamati ya aina ya Skarpnes ingegonga mlango na kurudi mikono mitupu. Namna ya Uswisi ya kulipa sitaipendekeza kwa yeyote: fedha zilizotolewa chini ya shinikizo la mahakama ya nchi nyingine ziliwafikia wahanga, na hilo ni jema, lakini ziliwaachia wananchi wengi imani kwamba walionewa.

Lithuania siichagui kama mfano wa kufuata, ingawa ndiyo inayofanana zaidi na hali ya mataifa mengi yaliyowahi kuwa mhanga na mtendaji katika kizazi kimoja. Mwenye kuisoma aangalie hasa muundo wa tume yake, na pale kwake atenganishe kesi mbili tangu siku ya kwanza, kila moja na wajumbe wake, bajeti yake na tarehe yake ya ripoti, ili moja isigeuzwe jibu la nyingine.

Na kwa mwenye nafasi ya kusoma maandishi ya nchi moja tu, aanze na maoni ya wachache ya Reisel na Bruland ya mwaka 1997, hasa kurasa zinazohusu mirathi na kodi, kabla ya kusoma hotuba yoyote ya kuomba radhi.